Mpishi Asiyeonja

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa sikio la kushoto, maana najua la kulia halikusikia.

Mimi sijambo. Mafua yamekwisha. Chumba nilichopanga bado kinavuja pale pale juu ya kitanda, nimechoka kumwambia mwenye nyumba, nimesogeza kitanda. Dada ameniandikia kwamba mwanawe ameota meno mawili na sasa anang'ata kila anayemsogelea. Nadhani amerithi kwako.

Uliniuliza ni chakula gani hiki ninachopika hospitali, kinachopita mkononi badala ya mdomoni. Umecheka sana, nimeona hata mwandiko ulivyotikisika. Basi sikiliza. Kuna watu ambao tumbo lao haliwezi kazi: watoto waliozaliwa kabla ya wakati, watu waliokatwa utumbo. Hao tunawalisha kwa mshipa. Chakula chote cha siku, sukari, protini, mafuta, madini, vitamini, kinaingia kwenye mfuko mmoja wa plastiki, na mchanganyaji ni mimi.

Asubuhi navua saa na hereni, nanawa mpaka viwiko, navaa kofia, barakoa, gauni na glovu, kisha naingia kwenye chumba safi. Humo hakuna dirisha la nje, na ukiinamia kabati la hewa safi huruhusiwi kuzungumza, kwa sababu pumzi ya mtu ina vijidudu. Kila kitu kina zamu yake. Fosfeti inatangulia, kalsiamu inakuja mwishoni, tena polepole. Ukizikutanisha vibaya zinaganda punje punje kama unga wa chaki, na punje hizo zikiingia kwenye mshipa wa mtu, umemuua. Kila nikivuta kipimo nainua bomba la sindano mbele ya kioo. Ng'ambo ya kioo kuna mwenzangu anayehakiki. Anasoma, anaitikia kwa kichwa, naendelea. Namwita Macho, kwa sababu usoni pake nayajua macho tu. Anaingia kabla yangu, anatoka kabla yangu, na tangu nihamie kitengo hiki sijawahi kumwona bila barakoa.

Nikimaliza, mfuko unapita kwenye kidirisha na umekwenda. Sionji, wala simwoni aliyekula.

Sasa nami nikuulize. Dada alipokupitia aliniambia umekonda. Tangu Bi Mkubwa wako atutoke, nani anakupikia? Unakula, Mjomba? Nijibu hilo kabla ya masihara yako.

Mpwa wako


23 Februari

Kwa Mpishi wa Mishipani,

Marahaba, mama, marahaba. Sikio la kushoto limepokea, la kulia limepewa taarifa.

Huku kwema. Mkanda wa cherehani ulikatika, nimeweka mpya. Sare za shule zimenijaa karakana nzima, mashati mpaka juu ya kiti cha wateja, wateja wanasimama. Jirani yangu Kisigino, fundi viatu, anakusalimu sana. Bado anagonga misumari huku anaimba, na mtaa mzima unanionea wivu kwa uziwi wangu.

Kazi yako nimeisoma mara mbili. Upishi bila kuonja! Bi Mkubwa angekufukuza jikoni. Yeye alionja mchuzi mpaka tukikaa mezani yeye ameshashiba, unakumbuka? Halafu anakula tena, kwa heshima yetu.

Huyo dada yako mwache. Kwake yeye kila mtu amekonda, hata paka. Mimi nakula vizuri. Mke wa Kisigino ananiletea sahani mchana, nami namrudishia sahani safi. Ni kweli suruali zangu mbili nimezipunguza kiuno, na ile ya kahawia nimeirudia tena juzi, lakini fundi asiyejishonea vizuri nani atampelekea kitambaa? Nimependeza. Ungeniona ungeniita kijana.

Na wewe je? Barua nzima umenieleza watu wengine wanavyokula. Wewe unakula nini, na unakula na nani?

Mjomba wako, kijana


11 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Dada hajambo, mtoto ameongeza jino. Huku mvua zimeanza, na kitanda nimekirudisha kilipokuwa kwa sababu sasa panavuja kule kwingine.

Tuzungumze suruali. Mimi nimekulia chini ya meza yako ya kukatia, nikiokota pini. Wewe mwenyewe ulinifundisha: mteja akija kupunguziwa kiuno mara moja, chukua vipimo ushone. Akirudi na suruali ile ile, weka futi chini umuulize hali yake. Sasa unaniandikia ya kahawia umeirudia, halafu unaniambia umependeza. Hivi unadhani unamwandikia nani?

Kuna mtoto mmoja tunamwita Mtoto wa Dirishani, kwa sababu ya mahali kitanda chake kilipo. Kila asubuhi wodi inatuma uzito wake, maana mfuko wake unategemea uzito. Nikiona umepanda hata kidogo, siku yangu inakuwa njema, na Macho anaona, sijui kwa vipi, anakonyeza kutoka ng'ambo. Nimemlisha mtoto huyo tangu azaliwe. Najua uzito wake kuliko mama yake anavyoujua, na sijui kama ana nywele.

Wako siujui. Wewe uliyenilea, siujui. Naogopa, Mjomba, naogopa kweli, tena niko mbali na simu husikii. Kwa hiyo usiniandikie kwamba unakula vizuri. Niandikie jana mchana ulikula nini.

Mpwa wako


6 Aprili

Mama,

Marahaba. Kisigino anakusalimu. Hakuna jipya mtaani.

Barua yako nimekaa nayo. Nimeiweka chini ya pasi, nikaitoa, nikairudisha. Haya, nakujibu.

Jana mchana nilikunywa chai. Juzi chai. Siku ya kabla yake sikumbuki, lakini itakuwa chai. Sahani ya mke wa Kisigino inarudi safi kwa sababu ya paka. Paka huyo sasa hawezi hata kuruka dirisha.

Usinigombeze, subiri nimalize. Unajua Bi Mkubwa alivyokuwa akiniita kula. Alikuwa akisimama mlangoni mwa karakana, mkono kiunoni, na mwiko mkononi: "Funga mashine, fundi, chakula kinapoa!" Kwa masikio haya haya mabovu, na cherehani inaunguruma, nilimsikia. Sijui alikuwa anaipitisha wapi ile sauti. Sasa hakuna wa kunifungisha mashine. Nashona tu. Njaa inakuja, inaona hapana mtu wa kuipokea, inaondoka. Jikoni siingii. Birika nimelihamishia huku karakana. Siku moja nilijilazimisha nikaingia, nikaona kile kigoda chake, nikatoka. Namkumbuka mno mke wangu. Ndiyo hali yangu, umeijua.

Lakini barua yako imenitia aibu na woga. Msichana niliyemwokotesha pini anakosa raha mbali huko kwa ajili yangu! Imetosha. Leo nimefunga mashine mwenyewe, nimekwenda sokoni, nimerudi na mchele, nyama, viazi, sukari, na mkate mzima. Jikoni nimeingia nimefumba jicho moja. Ninakula, mama. Nakuahidi, nitakula mpaka usinitambue.

Mjomba wako


14 Aprili

Mpwa wangu,

Sijangoja majibu yako, nina furaha ya kukupa!

Nakula mara tatu kwa siku, na sahani si sahani, ni mlima. Wali asubuhi! Kisigino alipita akanikuta na sufuria, akauliza kama nina wageni. Chai naweka sukari vijiko vitano, nipate nguvu haraka. Siku za mwanzo chakula kiligoma kushuka, nikakisukuma na maji, sasa kinashuka chenyewe.

Na matokeo yameanza kuonekana. Nimeanza kunenepa, tena kuanzia miguuni! Viatu vyangu vya ngozi havinitoshi, nimebaki na ndala, Kisigino amesema atavitanua. Nikibonyeza juu ya kifundo kidole kinaacha shimo, nyama laini kabisa. Shibe ni nzito lakini, sikufichi. Kutoka jikoni mpaka karakana nahema, na jana uzi uligoma kuingia kwenye tundu la sindano kwa mikono kutetemeka. Mwili umeshtuka kwa raha, utazoea.

Furahi sasa, na wewe uniambie unakula na nani.

Mjomba wako, mnene


22 Aprili

Mjomba,

Barua zako mbili zimefika pamoja leo. Nimezisoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo, gauni likiwa mkono mmoja ndani, mmoja nje.

Hii nampa kondakta wa basi, na natumai itakukuta kitandani hospitali, si nyumbani. Nimekwisha kumpigia Kisigino. Ameacha kiatu cha mtu kwenye kalibu akaja kukuchukua. Kama alikubeba kwa nguvu, ni mimi niliyemwambia.

Huo si unene, Mjomba. Ni maji. Mwili uliokaa na njaa miezi unajifunza kuishi kwa kidogo. Ukiumwagia wali na sukari kwa pupa, unayakusanya madini yote yaliyobaki kwenye damu ili uvisage vile vyakula, na moyo unabaki mtupu. Mtu anafariki sahani ikiwa mbele yake. Sisi hapa mgonjwa aliyekaa na njaa tunamwanzia na kidogo mno, tunampima damu, tunaongeza polepole. Hii ndiyo kazi yangu. Kila siku nafanya hiyo, na wewe nilikwambia ule, nikasahau kukwambia ule vipi.

Nimemkaririsha Kisigino maneno ya kumwambia daktari: mzee hakula miezi, kisha amekula sana kwa ghafla, miguu imevimba, apimwe fosfeti na potasiamu sasa hivi. Ameyarudia kwa sauti kama wimbo wake. Kwa mara ya kwanza nimefurahi kumsikia akiimba.

Siwezi kuja. Nimeomba, nimelia mbele ya mkuu wangu, naye amelia. Mfamasia wa pili yuko likizo ya uzazi. Macho hawezi kuandaa na kujihakiki mwenyewe, ni marufuku. Nikipanda basi leo, kesho watoto wanne hawana mifuko, na Mtoto wa Dirishani ni mmoja wao. Basi nimeingia kazini. Nimesimama pale nikipima fosfeti ya mtoto wa watu, tone kwa tone, huku sijui kama yako ipo. Nikapoteza hesabu, nikateremsha bomba la sindano. Macho akagonga kioo. Akaweka kiganja chake juu ya kioo, akakiacha hapo mpaka nilipotulia. Kisha tukaanza upya.

Usile chochote ambacho hawajakupa wao. Usife, Mjomba. Nisamehe kwa kuliandika neno hilo, lakini usife.

Mpwa wako


3 Mei

Mama,

Marahaba, ingawa umesahau kunisalimia. Nimekusamehe, ulikuwa na haraka.

Nipo. Mwandiko huu mbovu ni wa mkono wa kushoto, wa kulia una sindano. Miguu inarudi kuwa miguu. Daktari amesema Kisigino angechelewa kunileta kwa siku mbili hivi, tungeongea mengine. Amemuuliza Kisigino alisomea wapi utabibu, naye akajibu viatuni. Sasa hivi mtaani hasalimiwi bila kuitwa daktari.

Nakuomba radhi. Nilitaka kukufurahisha, nikataka kuyamaliza ya miezi kwa wiki moja. Mimi nisiyekubali kufumua mshono kwa kuuvuta!

Hapa napewa uji, vijiko vichache, halafu nesi anaondoka na bakuli hali mimi bado nalitazama. Usicheke. Nina njaa, mama. Njaa ya kweli, kama ya mtu.

Sasa nikupe habari. Juu yangu ulining'inizwa mfuko. Si wa chakula kama ile yako, huu ni wa madini tu. Nimelala chali nautazama unavyodondosha, nikawaza, huu nao kuna aliyevua hereni akanawa mpaka viwiko. Nikamuuliza nesi nani kauchanganya. Akasema ni watu wa famasi, huko chini. Nikamwambia awafikishie shukrani za mzee kiziwi. Alicheka tu, nikadhani amepuuza.

Kesho yake akaja kijana wa kike, amevaa kofia ya karatasi, amesimama mlangoni hajui mikono aiweke wapi. Akasema, "Ni mimi." Mara ya kwanza sikusikia, akaja karibu akasema tena. Nikamwambia, "Kaa, mwanangu, nina mpwa wa kazi yako." Akaniambia miaka yote hajawahi kuitwa na mgonjwa. Akakaa pale kwenye kiti mpaka nikamaliza vijiko vyangu. Tuliongea kidogo sana. Lakini mama, tangu Bi Mkubwa aondoke, ule ulikuwa mlo wangu wa kwanza na mtu mbele yangu, na uji ule usio na chumvi ulinipita kooni bila kugoma.

Nikakufikiria wewe na kile chumba kisicho na dirisha. Nimekuuliza mara mbili, mara zote umenikwepa. Nauliza ya tatu, na sasa mimi ni mgonjwa, wagonjwa hawakatazwi kitu. Unakula na nani?

Mjomba wako


19 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, na ile niliyosahau, shikamoo. Dada ameniandikia kwamba umerudi nyumbani na mke wa Kisigino anakupimia uji kwa kijiko cha hospitali. Mtii. Na paka asisogee.

Nakujibu. Sikuwa nakula na mtu. Nilikuwa nakula mkate nimesimama karibu na sinki, kwa sababu kukaa mezani peke yangu nilikuwa nasikia kimya kinapiga kelele. Nikirudi kutoka kazini, usoni bado nina alama za barakoa, sijatamka neno tangu asubuhi, na nyumbani hakuna wa kumwambia. Kuna siku nilimsalimia mwenye duka, sauti ikatoka ya mkwaruzo nikashtuka mwenyewe. Sikukwambia kwa sababu ungeacha kazi zako uje, na kwa sababu ningewezaje kukugombeza usiyekula wakati nami ni yule yule?

Baada ya barua yako nilitoka kumtafuta Macho. Kumbe alikuwa akitoka anakaa kwenye benchi la nyuma kusubiri gari la saa kumi, peke yake, siku zote. Nilipita mbele yake sikumjua. Yeye ndiye aliyeniita, akavua barakoa, akacheka. Ana mwanya, Mjomba! Mwanya mpana huo, nami nilikuwa nimemwekea meno mengine kabisa kichwani mwangu. Mkubwa kuliko nilivyodhani, na muongeaji, wee, hanyamazi. Siku hizi tunakula pamoja kabla ya gari lake kuja. Anaweka pilipili kwenye kila kitu.

Ndiye aliyenivuta tukapanda wodini. Mtoto wa Dirishani mfuko wake unapunguzwa, anaanza kunyonya. Mama yake alikuwa amemshika. Nilisimama mlangoni na mimi, sikujua mikono niiweke wapi, nikasema, "Ni mimi." Akanipa nimshike. Ana nywele, Mjomba. Nyingi, zimesimama wima. Nililia mpaka Macho akanichukulia mtoto.

Mfamasia wa pili amerudi kazini, na likizo yangu imesainiwa. Nafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa basi la asubuhi. Suruali ya kahawia usiiguse, nataka niwepo unapoifumua. Kigoda cha jikoni usikiondoe, nitakikalia mimi nikipika. Nitapika kidogo, na safari hii nitaonja.

Kisha nitakuja mlangoni mwa karakana na mwiko mkononi, nikuite kama alivyokuita Bi Mkubwa, maneno yale yale, kwa sauti yangu yote. Usije ukajifanya hukusikia.

Mpwa wako